Sanduku la Fundi: Maelezo Juu ya Zana za Kale za Useremala wa Pwani

Jahazi likishushwa baharini hujulikana kwa jina la mwenyewe na kwa jina la nahodha wake. Jina la fundi aliyeliunda hukumbukwa kwa muda, kisha nalo husahauliwa. Ama zana zilizoliunda, yaani tezo, keekee, juba, chembeu na msumeno, hizo hazina hata siku moja ya kukumbukwa. Hutumika mpaka zikachakaa, na zikichakaa hutupwa pembeni zikaliwa na kutu. Siku hizi hata kutu haipewi nafasi ya kumaliza kazi yake, kwa kuwa wanunuzi wa chuma chakavu hupita mitaani na mizani zao, wakanunua kwa kilo kitu ambacho mhunzi alikifua kwa jasho na seremala akakitumia umri wake mzima.

Nia ya insha hii ni kueleza kwa nini zana hizo zafaa kukusanywa na, zaidi ya hayo, namna zinavyofaa kutengenezwa. Maana kuna kutengeneza kunakohifadhi na kutengeneza kunakoharibu, na mimi niandikaye nilifanya kwa kuharibu kabla sijajifunza kuhifadhi.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa Bagamoyo, katika nyumba ambayo zamani alikaa fundi wa vyombo vya baharini. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha fariki. Wajukuu zake walikuwa wakiisafisha nyumba, na katika chumba cha nyuma walikuta sanduku la mbao lililojaa vyuma. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa amekwisha lipima. Nililipa bei ile ile ya mizani, nikalichukua sanduku lote kama lilivyokuwa. Ndani yake mlikuwa na tezo mbili, moja kubwa na moja ndogo; patasi tano za upana mbalimbali; majuba mawili ya kuchimbia matundu ya viungo; vyembeu vitatu vya kukalafati; randa moja isiyo na chuma chake; msumeno wa mkono uliokuwa umenolewa mara nyingi hata upana wake ukapungua; tupa; kinoo kilichobonyea katikati; parafujo chache za shaba ndani ya kopo; spana moja; na keekee isiyo na kisu wala uta.

Mtu wa lugha akifungua sanduku kama hilo, jambo la kwanza alionalo ni maneno. Nyundo na shoka ni maneno ya asili ya Kibantu, na ndugu zake husikika mpaka mbali sana na bahari. Msumari ni neno la Kiarabu. Randa latoka katika Kiajemi. Parafujo ni neno la Wareno, ambao walishika sehemu kubwa ya pwani hii tangu karne ya 16 mpaka ngome yao ya Mombasa ilipoanguka mwaka 1698; wenyewe waliondoka, parafujo ikabaki. Spana ni neno la Kiingereza, nalo ni la jana tu. Basi sanduku la fundi mmoja asiyejulikana lina tabaka zile zile ambazo mwanafunzi wa historia huzisoma katika vitabu vinene, ila hapa zimelala pamoja bila ugomvi, na mkono mmoja ulizitumia zote.

Walakini yatupasa kujihadhari. Neno likiwa la kigeni haina maana kwamba kitu chenyewe ni cha kigeni, wala neno la asili si dhamana kwamba kitu hakikutoka ng'ambo. Biashara ya zana katika pwani hii ni ya kale mno. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa katika karne ya kwanza na mfanyabiashara aliyekuwa akikaa Misri, chasimulia bandari ya Rhapta, na chasema kwamba jina lake lilitokana na vyombo vyake vya kushonwa. Kitabu hicho chataja pia bidhaa zilizoletwa huku: mikuki iliyofuliwa Muza, katika nchi ya Yemeni, kwa ajili ya soko hili hasa; na pamoja nayo mashoka, visu vya vita na misharasi ya kutobolea. Kwa hiyo, katika maandishi ya kwanza kabisa tuliyo nayo juu ya biashara ya pwani hii, zana za mkono zimo katika orodha. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154 kwa amri ya mfalme wa Sisilia, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma na kwamba chuma hicho kiliwapatia faida kubwa. Chuma kiliingia na chuma kilitoka. Mhunzi wa pwani hakuwa mpokeaji tu.

Katika zana zote za sanduku lile, iliyonifunza zaidi ni keekee. Makamusi ya zamani ya Kiswahili yaipa viungo vinne. Chuma kitobozi huitwa kisu. Mti ambamo kisu hupachikwa huitwa msukano. Kishikio cha juu, ambamo msukano huzungukia, huitwa jivu. Na upinde uzungushao vyote huitwa uta. Maneno mawili katika hayo yajulikana kwa kila mtu, moja kwa mpishi na moja kwa mwindaji. Mawili mengine yamekwisha potea vinywani mwa watu. Niliwauliza wanafunzi wangu maana ya jivu, wakanijibu kwa kauli moja kwamba ni majivu ya moto. Sikuwalaumu. Wangejuaje neno ikiwa kitu chenyewe hawajapata kukishika?

Kazi ya keekee ni hii. Ugwe wa uta huzungushwa mara moja katika msukano. Fundi hukandamiza jivu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huvuta uta na kuurudisha, kama mtu apigaye zeze. Msukano huzunguka kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Zana ya namna hii ilitumika kuunda vyombo katika Bahari ya Hindi pande zote, Bara Hindi, Ghuba na pwani yetu, wala isingaliweza kukosekana. Mbao ngumu ya jahazi haikubali msumari mnene kupigwa hivi hivi, hupasuka. Lazima itangulie keekee, ndipo msumari uliozungushiwa pamba yenye mafuta upite, uzibe tundu, na ncha yake ikunjwe kwa ndani. Na kabla ya zama za misumari mingi, mtepe, chombo kile cha tanga la mkeka, ulishonwa ubao kwa ubao kwa kamba za nazi, na kila pito la kamba lilitaka tundu lake. Twaweza kusema kwamba kabla ya bahari kulikuwa na keekee.

Keekee yangu ilikuwa na msukano na jivu tu. Nilijitengenezea uta kwa fito na ugwe, na mahali pa kisu nikapachika chuma cha kutobolea kilichosokotwa kama parafujo, cha aina itumiwayo katika mashine za umeme. Nikavuta uta, mbao ikatoa unga. Nikarudisha uta, hapakutoka kitu. Nilidhani kosa ni la mkono wangu, nikaongeza nguvu, na ugwe ukakatika. Siku ya tatu nilirudi kwenye kamusi, nikalitazama neno kisu kana kwamba silijui. Chuma cha mashine hukata upande mmoja tu, kwa sababu mashine huzunguka upande mmoja. Uta huenda na kurudi, kwa hiyo chuma cha keekee yapasa kiwe bapa, chenye ncha kama ya mkuki, na makali pande zote mbili. Ni kisu kweli. Waliokipa jina hawakutafuta tamathali ya usemi, walieleza umbo. Mhunzi mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, alinifulia kisu cha namna hiyo kutokana na springi ya gari, na tangu siku hiyo keekee yakata ikienda na yakata ikirudi, kama usemwavyo msumeno katika methali.

Kisa hiki chaonyesha faida ya kutengeneza. Lugha ilinifundisha chombo, na chombo kikanifundisha lugha. Mtu aliyeiweka keekee ndani ya kabati la kioo bila kuivuta asingaligundua kosa lake, na mtu aliyesoma kamusi bila keekee asingaligundua maana.

Sasa nieleze madhara, nayo ni yangu mwenyewe. Kabla ya keekee nilikuwa nimeanza na tezo ndogo. Ilikuwa nyeusi, yenye kutu nyekundu hapa na pale, na mpini wake ulikuwa umeingia weusi wa jasho la mkono. Nilitaka ipendeze. Nikaipeleka kwenye jiwe la umeme, nikaisaga hata ikameta. Mpini nikaupiga msasa mpaka mti ukawa mweupe kama mpya. Nikaifunga katika kitambaa, nikaenda nayo Unguja kumwonyesha mzee mmoja ambaye ameunda mashua na mitumbwi tangu ujana wake. Nilimwamkia, naye akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya makali, akanyamaza kitambo.

Kisha akasema, "Mwanangu, umemkosha maiti. Kapendeza, lakini hasemi."

Nilimwomba anifafanulie. Kwanza alinionyesha ukingo wa makali, ambapo palikuwa na rangi ya buluu kama shingo ya njiwa. Mhunzi akifua zana ya kukatia huitia moto mpaka ikawa nyekundu, huizamisha ikawa ngumu, kisha huipasha tena polepole ili ugumu uliozidi upungue na chuma kisivunjike kama kigae. Rangi humwongoza: ile ya majani makavu huonekana karibu na nyuzi 230 za sentigredi, na buluu hufuata karibu na nyuzi 300. Jiwe la umeme lilikuwa limepita mpaka ule aliouweka mhunzi. Makali yalikuwa yamelainika, na katika mti mgumu yangekunjika. Kazi ya mhunzi ambayo ilikuwa imedumu zaidi ya umri wangu niliitengua kwa dakika chache.

Pili aliniuliza, "Mpini ulikuwa na alama gani?"

Nikakumbuka kwamba karibu na mwisho wa mpini palikuwa na mikato. Lakini kama ilikuwa mitatu au minne, na kama mmoja wao ulikuwa wa mshazari, sikujua. Nilikuwa nimeipiga msasa. Mzee akanieleza kwamba mafundi wengi wakikusanyika katika kazi ya chombo kimoja, kila mmoja hutia alama yake katika zana zake ili zisichanganyike wakati wa magharibi. Yeye mwenyewe katika ujana wake aliwahi kufanya kazi Bagamoyo. "Ningaliiona alama," akasema, "huenda ningalimjua mwenyewe, na aliyemfunza." Hakusema kwa ukali, na kwa hiyo maneno yake yaliniuma zaidi. Mwanachuo aliyefuta mstari wa hati ya kale ili karatasi ipate kuwa safi angestahili kufukuzwa chuoni. Nami nilikuwa nimefanya jambo lilo hilo, nikalibeba mpaka Unguja ili nisifiwe.

Elimu ya kukusanya zana si ngeni duniani. Katika mwaka 1897 mtaalamu mmoja wa mambo ya kale wa Pennsylvania, Marekani, jina lake Henry Mercer, alikwenda kwa muuza vitu vikuukuu kutafuta koleo za moto, akaona chungu ya zana zilizoachwa na wakulima na mafundi baada ya viwanda kushika kazi zao. Akatambua kwamba vitu vile, ambavyo wazee wa mtaa walikuwa bado wakivijua, baada ya kizazi kimoja vingekuwa fumbo. Alikusanya maelfu kwa maelfu, akavijengea nyumba ya saruji ili visiteketee kwa moto. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1916 na ingali ikisimama katika mji wa Doylestown. Mwaka 1929 alitoa kitabu juu ya zana za maseremala wa kale. Ubora wa kazi yake ni kwamba aliokota vilivyodharauliwa wakati wenye kuvijua walikuwa bado hai.

Mfano wa pili ni wa Uswidi. Mwaka 1936 mkulima mmoja wa kisiwa cha Gotland, alipokuwa akilima mahali palipokuwa kinamasi cha Mästermyr, aligusa kwa plau sanduku la mwaloni lenye umri wa miaka 1000 hivi. Ndani na kando yake mlikuwa na vitu zaidi ya 200, zana za seremala na za mhunzi pamoja. Zingalipatikana moja moja, mashamba mbalimbali, wataalamu wangaliandika habari za nyundo na habari za msumeno. Kwa kuwa zilipatikana pamoja, waliweza kuandika habari za mtu, yaani fundi mmoja aliyejua kazi zote mbili. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba sanduku lisitawanywe. Anayenunua tezo nzuri na kuacha kinoo kibovu amenunua neno akaacha sentensi.

Kutokana na makosa yangu na mafunzo ya mzee wangu nimepata kanuni chache. Kwanza, andika kabla hujagusa. Chora umbo, pima urefu, nakili kila alama, uliza jina la mwenyewe, jina la kijiji, na jina ambalo watu wa hapo hukiita chombo. Watu wa mahali pamoja husema tezo, wa pengine husema sezo, na tofauti hiyo nayo ni historia.

Pili, pigana na kutu, usipigane na chuma. Kutu nyekundu ni adui kwelikweli. Huvuta unyevu na chumvi ya bahari ikaendelea kula. Lakini weusi mgumu ulio chini yake ni ngozi ya chombo, na mara nyingi ndani yake mna alama za nyundo ya mhunzi. Mafuta, kitambaa, kumbi la nazi na subira hutosha kwa sehemu kubwa. Limau huondoa kutu upesi, lakini likiachwa huuma chuma chenyewe. Basi lioshwe mara moja, chuma kikaushwe na kupakwa mafuta.

Tatu, uheshimu mti. Msasa una jina la mti ambao majani yake hukwaruza, nayo yalitumika kulainisha mbao kabla ya karatasi za dukani. Ni kitu chema mahali pake. Mahali pake si mpini wa zamani. Mpini ule umechongwa mara mbili, kwanza na seremala, na pili na kiganja chake kwa miaka. Panguswe vumbi, patazamwe kama mna dumuzi, papakwe mafuta kidogo, basi.

Nne, kipande kipya kikihitajika, kisijifanye cha kale. Kisu cha keekee yangu kimepigwa chapa ya mwaka kilipofuliwa, ili ajaye baadaye asidanganyike. Na tano, chombo kirudi katika mkono unaokijua, japo kwa saa moja, mbele ya macho ya vijana na mbele ya daftari.

Huenda msomaji akauliza: Je, haya si mapenzi ya mambo yaliyopita, ilhali fundi wa leo ana mashine? Nijibu kwamba simwambii fundi aache mashine. Fundi auzaye tezo ili anunue randa ya umeme hakufanya kosa. Ana watoto wa kulisha, wala hakuajiriwa kuwa mlinzi wa makumbusho. Tena tezo haijafa. Nungwi katika kisiwa cha Unguja na Matondoni katika kisiwa cha Lamu mafundi wangali wakiunda vyombo, na tezo hulala kando ya msumeno wa umeme. Lakini mtepe ulikwisha katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwanzoni mwa karne hii, mtepe ulipoundwa upya ukawekwa katika jumba la Beit el-Ajaib, Unguja, kazi ilikuwa ya kufufua na si ya kuendeleza. Na jumba lenyewe, lililoonekana imara kuliko yote, sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha. Majumba yetu ya makumbusho ni ya lazima, nayo yastahili kusaidiwa. Lakini ujuzi uliowekwa mahali pamoja tu haukuhifadhiwa.

Kwa hiyo mzigo huu ni wetu sisi wa vyuo. Mwanafunzi aendaye nyumbani likizo aweza kuchukua daftari, akaketi na fundi wa mtaani kwake siku mbili, akaandika majina ya zana zake na viungo vya zana hizo. Kazi hiyo haitaki fedha nyingi. Yataka adabu, na yataka haraka, maana wenye majina hayo ni wazee.

Tezo kubwa ya sanduku lile haijapigwa msasa. Alama yake, mikato miwili na mmoja wa mshazari, nimeinakili na kuipeleka kwa mzee wangu. Naye angali akiwauliza wenzake. Tezo ndogo iko juu ya meza yangu, yameta, na hakuna awezaye kuniambia ilikuwa ya nani. Huwaonyesha wanafunzi wapya kabla sijawaonyesha kitu kingine.

Wahenga walisema: Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Sisi watu wa vitabu hatujui kusana, wala hatutarajiwi kuunda majahazi. Lakini mvukuto upo, na moto wa waliojua haujazimika wote. Na tuvukute.